Msimhukumu Mildred kwa methali

Kila mtoto wa mtu anapoharibikiwa, huwa nasikia jambo moja. Kijana kaiba simu, binti kakatisha masomo, mwana kamtolea mzazi wake maneno mbele za watu, na swali la kwanza mtaani halimhusu yeye. Huulizwa mama yake ni nani. Kabla jibu halijafika, methali imeshatoka: mchelea mwana kulia, hulia yeye. Baba hatajwi. Ada iliyolipwa miaka yote haitajwi, wala hapana anayeuliza ilitoka mfukoni mwa nani. Hukumu imepita, watu wanarudi kwenye kahawa yao.

Hukumu hiyohiyo huisikia inapotajwa filamu ya Mildred Pierce, iliyotolewa Marekani mwaka 1945 na studio ya Warner Bros. Wapenzi wa sinema za kale huifupisha kwa pumzi moja: ile ya mama aliyemdekeza bintiye mpaka akawa muuaji. Nimeanza kwa kutoboa siri, najua. Wakati filamu inatoka, matangazo yake yaliwasihi watazamaji wasimwambie mtu alichofanya Mildred. Miaka themanini imepita, nadhani agizo hilo limeshapitwa na wakati.

Mimi hukumu hiyo siikubali. Kama Mildred ana kosa, kosa lake si kumpa mwanawe mno. Ni kumficha kazi iliyokuwa ikimlisha. Na anayetufanya tulione hilo ni mwigizaji aliyebeba jina hilo, Joan Crawford. Kisa kilipangwa kimshtaki mama, naye Crawford, kwa uso na mikono yake, akasimama kumtetea.

Mauaji ya kupachikwa

Filamu inaanza kwa risasi. Ni usiku, kwenye nyumba ya ufukweni. Mwanamume mtanashati anapigwa risasi, kioo nyuma yake kinapasuka, anaanguka, na kabla ya kukata roho analitamka jina la Mildred. Gari linaondoka kwa kasi. Muda si muda tunamwona mwanamke aliyevaa koti la manyoya akitembea peke yake kwenye gati. Mbao zimelowa. Ameshika ukingo na kuyatazama maji kwa namna ambayo mtazamaji hahitaji kufafanuliwa. Askari wa doria anagonga chuma kwa rungu lake, anamwambia aende zake nyumbani.

Baadaye yuko kituo cha polisi, mbele ya inspekta, na masimulizi yanaturudisha nyuma miaka kadhaa, hadi jikoni kwenye nyumba ya kawaida huko Glendale, kitongoji cha Los Angeles. Mke anaoka keki na pai za kuwauzia majirani. Mume, Bert, hana kazi. Mabinti ni wawili. Veda, mkubwa, anajifunza piano. Kay, mdogo, anapenda kucheza mpira mtaani na watoto wenzake.

Msomaji ambaye hajawahi kukishika kitabu kilichozaa filamu hii atashangaa kusikia kwamba ndani yake hakuna mauaji. James M. Cain alikichapisha mwaka 1941, na katika kurasa zake zote hakuna anayempiga mwenzake risasi. Veda na mume wa pili wa mama yake wanaondoka zao bila kufikishwa popote. Mtayarishaji Jerry Wald ndiye aliyetaka maiti mwanzoni na polisi mwishoni. Studio za wakati huo nazo zilifungwa na kanuni za maadili zilizosimamiwa na Joseph Breen, na kanuni hizo hazikuruhusu uzinzi uishe bila adhabu. Waandishi kadhaa waliupitia mswada. Catherine Turney alikuwemo, hata William Faulkner alitia mkono, lakini jina lililoandikwa kwenye filamu ni la Ranald MacDougall.

Kwa hiyo filamu ilihitaji mkosaji tangu mezani kwa waandishi. Palipohitajika mtu wa kukamatwa alipatikana binti, na palipohitajika mtu wa kulaumiwa alikuwepo mama. Mwongozaji Michael Curtiz, Mhungaria aliyekuwa ameshatengeneza Casablanca, na mpiga picha Ernest Haller, aliyepiga Gone with the Wind, waliugawa mwanga kwa ujanja. Usiku wa polisi na ufukweni umejaa vivuli vikali vinavyokata nyuso vipande. Jikoni kwa Mildred ni kweupe, jua la California linaingia dirishani. Ndani ya dakika 111 unatazama sinema mbili, moja ya uhalifu na nyingine ya nyumba. Ile ya uhalifu ndiyo inayokukamata ukosi usiondoke. Ile ya nyumba ndiyo utakayolala nayo.

Sare iliyofichwa

Bert anaondoka. Kuna mama mmoja, Bi Biederhof, ambaye nyumbani kwake Bert amekuwa akipata faraja. Mildred anabaki na mabinti wawili, nyumba, na ujuzi wa jikoni tu. Anatembea mji mzima kutafuta kazi. Anaingia kwenye mgahawa kupumzisha miguu, anamkuta Ida Corwin, msimamizi mwenye ulimi mkali, amezidiwa na wateja, anaomba kazi papo hapo. Anafungwa aproni, anafundishwa kubeba sahani nyingi mkononi, na kwa muda anazibeba vibaya. Baadaye anazibeba vizuri. Jioni anarudi nyumbani, anavua sare na kuificha.

Tukio linalofuata ndilo ningemwomba kila mtu alitazame, hata kama hana muda wa filamu nzima. Mildred anarudi nyumbani na kumkuta Lottie, msaidizi wake wa kazi, amevaa sare ileile ya mgahawani. Veda ndiye aliyempa. Binti anaulizwa, anajibu kwa sauti ya asali kwamba alidhani mama amemnunulia Lottie. Anajua kila kitu. Ameipekua nyumba, ameiona sare, ameelewa ilikotoka, na sasa anamsukuma mama yake hatua kwa hatua mpaka aseme mwenyewe kwamba yeye ni mhudumu wa mezani.

Mtazame Crawford hapo. Kwanza macho yanashtuka. Kisha taya linakaza, hasira inapanda. Kisha, na hapa ndipo penye ufundi, hasira inashuka kabla haijafika mdomoni, na badala yake inakuja aibu. Anakiri. Binti anamwambia maneno ya kuwadharau watu aliotokea, mkono wa mama unaruka, kofi linalia, na papo hapo Mildred anajuta kana kwamba amejipiga mwenyewe. Anasema aliichukua kazi ile ili wasitengane, na hilo ni kweli tupu. Angeishia hapo, pengine mambo yangekuwa mengine. Lakini anaendelea. Anadai aliingia mgahawani ili ajifunze biashara, kwamba ana mpango wa kufungua wake. Veda anachangamka: kwani tutakuwa matajiri?

Mgahawa wa Mildred umezaliwa pale, katika jibu la mama aliyeona haya. Utafunguliwa, utajaa, yatafuata matawi mengine, fedha zitaingia. Ila msingi wake ni kumwahidi mtoto kwamba kazi hii ya kunuka mafuta ni ya kupita tu, kwamba mwisho wake ni koti la manyoya na nyumba yenye ngazi pana. Veda hakukosa kupigwa wala kukemewa, maana kofi alilipata. Alichokosa ni kuambiwa kwamba sahani zile zilikuwa heshima tosha.

Nikilifikiria tukio hili siwezi kujizuia kuwakumbuka akina mama wetu wanaoamka saa tisa za usiku kukaanga vitumbua au kuinjika supu, ili mwana asome shule ya Kiingereza na apande basi la njano. Wangapi kati yao huombwa na watoto wao wasije siku ya wazazi na khanga yenye harufu ya jiko? Na wangapi hukubali, wakasema haidhuru, mradi asome? Wengine huenda mbali zaidi, mtoto hafahamu kabisa kwamba ada yake imetokana na genge. Anaambiwa mama ana biashara zake mjini. Mtoto huyo amefundishwa, kwa upendo mwingi, kwamba mkono unaomlisha ni jambo la kusitiriwa. Atakapofika umri wa kuchagua rafiki, mchumba au kazi, atachagua kwa kipimo hicho.

Tumbo moja, mabinti wawili

Wanaoshikilia methali ya mchelea mwana husahau kwamba nyumba ile ina watoto wawili. Kay amezaliwa na mama yuleyule, amekula pai zilezile, naye amepelekwa kwenye masomo ya densi kwa fedha zilezile. Hana kiburi. Anacheza kwenye vumbi, anampenda baba yake, gauni halimnyimi usingizi. Vidole vya mkono mmoja havilingani, na waandishi wa filamu walijua hivyo walipompa Mildred mabinti wawili badala ya mmoja.

Kisha wakamuua Kay. Usiku mmoja, baada ya muda mrefu wa kazi na upweke, Mildred yuko kwenye nyumba ya ufukweni na Monte Beragon, bwana mwenye jina kubwa na mfuko mtupu. Watoto wako na baba yao. Mama anaporejea anakuta Kay ameshikwa na nimonia, yuko nyumbani kwa Bi Biederhof, na hazipiti saa nyingi mtoto anafariki. Ni tukio la kuhuzunisha na limeigizwa kwa utulivu. Ila nina ugomvi nalo. Bert ameishi na Bi Biederhof wakati wote huo na hakuna radi iliyompiga. Mildred amejipa siku moja, anatozwa mtoto. Hiyo ni haki ya wapi?

Veda naye amejifunza kwa nani? Filamu yenyewe inatoa jibu, ukisikiliza kwa makini. Monte haishi kwa kazi yoyote. Anaazima fedha za Mildred, baadaye hata hazirudishi, anapewa mkononi kama posho. Siku wanapogombana anamwambia kwamba fedha atazipokea, lakini hazitoshi kumfanya apende majiko na wapishi, kwa sababu wananuka mafuta. Mildred anamjibu kwamba hajawahi kumwona akiikwepa noti ya dola hamsini kwa harufu yake. Jibu zuri kuliko yote katika filamu, na Crawford analitoa bila kupaza sauti.

Baada ya hapo inakuja siku ya hundi. Veda amemlaghai kijana wa familia tajiri na wazazi wake, akidai ana mimba, na amelipwa dola 10,000 ili aondoke. Mimba haipo. Mama anapogundua, binti anamwambia fedha hizo zitamwezesha kuwa mbali naye, na kuku wake, na pai zake, na kila kinachonuka mafuta. Ni maneno ya Monte, neno kwa neno karibu. Dharau ile haikutoka jikoni kwa Mildred. Iliingia kwa mlango wa mbele, imevaa suti, ikakaribishwa kinywaji.

Ndiyo maana nasema kisa hiki kinahusu kazi kuliko kinavyohusu malezi. Wanaume watatu wanamzunguka Mildred. Bert anaondoka, ingawa baadaye anarudi akiwa mpole. Wally Fay, dalali na mshirika wa zamani wa Bert, humsaidia kwa mkono mmoja na kumnyemelea kwa mwingine. Monte anaolewa, naam, natumia neno hilo makusudi, kwa bei ya theluthi ya biashara. Mildred analipa theluthi hiyo ili apate nyumba yenye hadhi itakayomrudisha Veda. Monte anaiuza hisa yake nyuma ya mgongo wake, na migahawa inamtoka mikononi. Hesabu hizi za nani alileta nini na nani alikula nini filamu imezipanga kwa uwazi wa daftari la kikoba, na bado watu wanatoka ukumbini wakisema mama alidekeza.

Ida peke yake ndiye anayezisoma sawasawa. Eve Arden alimwigiza kwa kejeli kavu ambayo mpaka leo haijachuja. Ni yeye anayesema kwamba mamba wanajua wanachofanya, maana hula watoto wao. Ni mzaha, bila shaka. Lakini ni mzaha wa rafiki anayefanya kazi, aliyekaa karibu kutosha kuona nani anamnyonya nani.

Binti wa dobi

Nani angemwigiza mwanamke huyu? Bette Davis inasemekana hakuutaka mswada. Curtiz alikuwa akimtaka Barbara Stanwyck. Joan Crawford hakumtaka kabisa. Mwaka 1938 chama cha wenye majumba ya sinema kilikuwa kimelipia tangazo kuwataja waigizaji waliowaita sumu ya mauzo, na jina la Crawford likawemo, pamoja na Greta Garbo, Marlene Dietrich na Katharine Hepburn. Mwaka 1943 akaachana na studio ya MGM alikokaa miaka 18. Tangu hapo hadi Mildred Pierce alionekana mara moja tu, kwa dakika chache, katika filamu ya burudani ya wakati wa vita. Alikuwa na umri wa karibu miaka arobaini, na katika mji ule mwanamke wa arobaini hupewa shangazi wa kuigiza.

Alikubali kufanyiwa majaribio mbele ya kamera, jambo ambalo nyota wa kiwango chake hawakuombwa. Husimuliwa kwamba Curtiz alichukia mabega yake mapana, alama yake ya miaka mingi, akidhani ni pedi zilizoshonewa ndani ya gauni. Crawford akaja na gauni la bei rahisi la dukani, mwongozaji akalishika ili azing'oe pedi, akakuta mabega ni ya mwenyewe.

Kwa nini alilitaka jukumu hili kiasi hicho? Tafuta alikotoka. Joan Crawford ni jina la kubuniwa, lililopatikana kwa shindano la wasomaji wa gazeti la filamu, na mwenyewe hakulipenda. Alizaliwa San Antonio, Texas, akiitwa Lucille Fay LeSueur. Mwaka wa kuzaliwa kwake unabishaniwa hadi leo, na yeye hakuwasaidia wabishi. Baba aliondoka mapema. Huko Kansas City mama yake alifanya kazi ya udobi, na familia iliishi palepale mahali pa kufulia. Shuleni alilipia masomo kwa kufagia, kuosha vyombo na kuhudumia mezani wanafunzi wenzake. Alipofika chuo cha Stephens huko Missouri alihudumu tena mezani, na hakudumu.

Fikiria sasa kilichofuata. Akawa mnenguaji, akafika MGM mwaka 1925, na kuanzia hapo kazi yake kubwa ikawa kuonekana kama mtu ambaye hajawahi kufua wala kufagia. Nyusi zikachorwa, midomo ikapanuliwa, lafudhi ikanyooshwa. Kwa miaka ishirini sare ya Lucille ilikuwa kabatini. Ndipo studio nyingine ikamletea mwanamke anayebeba sahani na kuificha aproni yake. Angehitaji mwalimu gani wa kumweleza Mildred ni nani?

Hakuwa mwigizaji wa kawaida, nikubali. Wapo wanaomwona mgumu, kila ishara imepimwa, kila kope imepangwa. Alianzia kwenye filamu zisizo na sauti, na ilibaki kwake tabia ya kusema kwa macho kwanza, maneno yakaja nyuma. Katika sinema nyingine tabia hiyo inachosha. Hapa inafaa, kwa kuwa Mildred naye ni mwanamke anayejizuia. Pale mwigizaji mwingine angelia, Crawford anapiga hesabu. Unaona uso wake ukijumlisha kodi, unga, masomo ya piano, na kujua kwamba jumla haifiki.

Chukua tukio la hundi. Anaichana polepole. Veda anampiga kofi, na Mildred anaangukia ngazi. Anapoinuka haamki kwa kelele. Anasimama sawa, sauti imeshuka, anamwamuru binti atoe vitu vyake nyumbani kabla hajamuua. Ann Blyth, aliyekuwa na miaka 16 tu wakati wa kupiga picha, ana uso wa malaika na macho ya mhasibu, na Crawford anampa nafasi yote anayohitaji. Mwigizaji mkubwa mwenye wasiwasi angemfunika mtoto huyo. Yeye alikuwa amemsaidia hata kwenye majaribio ya kuipata nafasi yenyewe.

Lottie hana jina

Kuna doa siwezi kulipita. Anayevalishwa ile sare, Lottie, aliigizwa na Butterfly McQueen, mwigizaji mweusi ambaye dunia ilikuwa imemjua kwa Gone with the Wind mwaka 1939. Jina lake halimo katika orodha ya waigizaji kwenye Mildred Pierce. Lottie yuko jikoni siku za shida, yuko mgahawani siku ya ufunguzi, yuko kwenye jumba la kifahari siku za neema, na kila mara amewekwa achekeshe kwa sauti yake nyembamba. Filamu inayomlilia mwanamke anayedharauliwa kwa kazi yake inamtumia mwanamke mwingine, mwenye kazi ileile na rangi nyingine, kama kichekesho. McQueen alifikia kuchoka na majukumu ya namna hiyo, na kabla ya mwisho wa miaka ya 1940 akawa ameyakataa.

Na bado, yeye ndiye mtu pekee ndani ya nyumba ile ambaye haoni haya ya sare. Anaivaa, anafurahi inavyomkaa. Sijui kama waandishi walikusudia. Ila jambo hilo limo.

Mwishoni, polisi wamemkamata Veda, ambaye ndiye aliyempiga Monte risasi ile ya mwanzo, baada ya Monte kumwambia hatamuoa. Mildred anatoka kwenye jengo la sheria alfajiri, Bert yuko mlangoni. Njiani wanawapita wanawake wawili waliopiga magoti wakisugua sakafu. Wengi huusoma mwisho huo kuwa mke amerudishwa kwa mumewe, na wana hoja: vita vilikuwa vimeisha, wanajeshi walikuwa wanarudi, na wanawake walioendesha viwanda walikuwa wakiambiwa asanteni, rudini nyumbani. Lakini wale wawili sakafuni hawajaambiwa warudi nyumbani. Wana zamu.

Usiku wa tuzo na kitabu cha binti

Machi 1946 Crawford alikuwa kati ya wanawake watano walioshindania Oscar ya mwigizaji bora wa kike, pamoja na Ingrid Bergman, Greer Garson, Jennifer Jones na Gene Tierney. Filamu yake iliteuliwa katika vipengele sita, Arden na Blyth wote wawili wakiwemo. Alibaki nyumbani akisema anaumwa. Curtiz, yuleyule ambaye hakumtaka, ndiye aliyepanda jukwaani kumpokelea, kisha tuzo ikapelekwa kitandani alipokuwa amelala, nywele zimetengenezwa, uso umepakwa, wapiga picha wanamsubiri. Kama ni ugonjwa, ulikuwa ugonjwa wa kupendeza.

Crawford alifariki mwaka 1977. Mwaka uliofuata Christina, binti aliyemlea tangu uchanga, alitoa kitabu, Mommie Dearest, akimtuhumu kwa ukatili wa kutisha nyumbani. Filamu ya mwaka 1981 ikakieneza. Mabinti wengine wawili wa kulea, mapacha, walikanusha na kusema mama waliyemjua hakuwa huyo. Si kazi yangu kuamua nani alisema kweli. Tuhuma za mtoto hazistahili kupuuzwa kwa sababu mama aliigiza vizuri, na ufundi wa mwigizaji haufutiki kwa sababu nyumba yake ilikuwa na moto. Kinachonikera ni wale walioipokea habari hiyo kwa shangwe, kana kwamba hatimaye methali imepata ushahidi: mama ni wa kulaumiwa tu, akilegeza alaumiwe, akikaza alaumiwe.

Mwaka 1996 filamu hii iliingizwa kwenye rejesta ya taifa ya Marekani ya sinema zinazopaswa kuhifadhiwa. Mwaka 2011 Todd Haynes aliirudia kwa televisheni, sehemu tano, Kate Winslet akiwa Mildred, akifuata kitabu kwa uaminifu na bila maiti. Ni kazi safi, na mwenye wikendi nzima aitazame. Ila anza na ya 1945. Wenye watoto wakubwa waitazame nao, na sare itakapoonekana msikimbilie kumkemea Veda wala Mildred. Mtazameni Crawford usoni kwa ile nusu dakika kati ya kofi na ahadi ya utajiri. Bergman alikuwa hodari na Tierney alitisha kweli mwaka ule, lakini kura yangu nami ningempa binti wa dobi.